Sauti Iliyobaki Kichakani: Maisha ya Bwana Filimbi

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Filimbi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 katika nyumba ya mwisho ya mtaa, pale barabara ilipokoma na msitu ukaanza. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi wa kunoa visu na mshona nguo. Bibi yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alipolia kwa mara ya kwanza, hakuna aliyemsikia. Ilikuwa jioni, na jioni msitu ulikuwa unasema: vyura, nyenje, kima, na hondohondo wakirudi vileleni, mbawa zao zikivuma kama mtu anayepepeta. Mkunga aliona tu kinywa kimefunguka na uso umekunjika, akasema, "Analia huyu, mshike." Katika nyumba zile watu walipaza sauti ili wasikilizane wakiwa meza moja. Ndiyo maana mpaka leo ukoo wetu tunaambiwa tunapayuka. Msitu ulikwisha, na hakuna aliyetukumbusha tupunguze.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, akamaliza mwaka 1964. Hesabu hazikumpenda, lakini alikuwa na mluzi. Siku moja mwalimu wa darasa la nne alisimamisha somo, akachungulia dirishani, akauliza, "Nani ameingiza ndege darasani?" Darasa zima likamgeukia marehemu. "Toka na ndege wako," mwalimu akasema, "umrudishe kwao." Alitoka, akaketi chini ya dirisha, na huko nje alimsikia kwa mara ya kwanza ndege ambaye hangemwacha tena. Ni ndege mdogo, mgongo wa kijivu, kifua cha rangi ya chungwa, anayekaa vichaka vya chini asionekane. Anaitwa kurumbiza. Kurumbiza hana wimbo mmoja ulio wake. Huokota sauti za majirani na kuzishona pamoja. Siku hiyo, kutoka kichaka kimoja, marehemu alisikia hondohondo, njiwa, chura, kisha hondohondo tena. Alirudi darasani kutoa taarifa. "Nimemrudisha, mwalimu, ila wako wengi ndani ya mmoja." Alichapwa.

Februari 1971 aliajiriwa na kiwanda cha mbao kilichokuwa kando ya mto. Nyapara alimuuliza anajua kazi gani, naye akapiga mluzi uliowafanya madereva wa matrekta wageuze shingo. Akapewa filimbi ya chuma na mahali pa kusimama. Mti mkubwa unapokatwa, majani huziba macho na misumeno ya injini huziba masikio, kwa hiyo kikosi kizima hufuata filimbi. Moja ndefu: mti unakuja, kila mtu abaki alipo. Mbili fupi: salama, njia wazi, ingieni. Hakuna aliyesogeza mguu bila mbili fupi. Marehemu alikuwa na namna yake ya kuzipiga, ile ya pili akiipandisha kidogo mwishoni, na watu walimtambua kwa pumzi hiyo kama unavyomtambua mtu wa nyumbani kwa kikohozi.

Tarehe 6 Novemba 1976 alimwoa Mama yetu, dada wa rafiki yake wa kazi, mfunga kamba za kuburuzia magogo wa kikosi. Huyo ndiye aliyekuwa mjomba wetu mkubwa. Wakati wa uchumba marehemu alikuwa akisimama nje ya ua na kupiga mluzi, mbili fupi, Mama atoke. Bibi mzaa mama alivumilia wiki kadhaa, kisha akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Mwambie huyo kurumbiza wako kwamba watu huingia kwa mlango." Akaingia kwa mlango. Mjomba alikuwa amekaa ndani, amejikausha kama hakimu. "Dada nakupa, shemeji," akamwambia, "lakini siku mti ukiniangukia, na mama yangu utamlea wewe." Waliicheka kauli hiyo kwa miaka. Ni Mama aliyemwita Filimbi kabla ya mtu mwingine yeyote, na alilitamka jina hilo namna ambayo ilitufanya sisi, hata kabla ya kuzaliwa, tuwe njiani.

Msitu haukuisha kwa mkupuo. Kiwanda kilichukua miti minene tu, ile yenye mashimo walimozalia hondohondo, kikaacha mingine imesimama. Ukiutazama kutoka barabarani ungeapa haujaguswa. Lakini marehemu alisimama humo kutwa akisikiliza, na alianza kusikia mapengo. Jioni moja hakukuwa na mbawa. Msimu mmoja hakukuwa na kima. Matunda yaliiva, yakaanguka chini ya mama zao, yakaoza pale pale, kwa sababu waliokuwa wakiyameza na kwenda kuangusha kokwa mbali walikuwa wameondoka. Alitafuta miche ya miti ile hakuiona. "Ni kama nyumba ya wazee watupu," alimwambia shemeji yake. "Wote wapo, na hakuna mtoto."

Kurumbiza naye alipungukiwa na wa kuwaiga. Asubuhi moja, wenzao wakiwa bado njiani, marehemu na shemeji yake walisikia tupa ikinoa msumeno kichakani. Kwi, kwi, kwi, taratibu, kama fundi asiye na haraka. Misumeno yote ilikuwa miguuni mwao, imefunikwa. Walisogea, na katikati ya majani wakaona kifua cha chungwa na koo linalocheza. "Huyu naye kaajiriwa," shemeji akasema. "Mpangieni zamu." Alicheka mpaka akashika mti. Marehemu alisema baadaye kwamba yeye hakuweza kucheka, na hakujua kwa nini.

Jumatatu, tarehe 17 Agosti 1981, saa nne asubuhi, waliangusha mti ambao mmea mnene wa kutambaa ulikuwa umeufunga kwa jirani yake. Wa kwanza ulianguka. Wa pili ulivutwa, ukainama, ukaegemea matawi ya wa tatu, ukabaki hapo ukilia mbao kwa mbao. Marehemu alikuwa amekwisha kupiga moja ndefu. Filimbi ilikuwa mkononi, si mdomoni, alikuwa akingoja. Ndipo nyuma yake, kutoka vichaka vya chini, zikaja mbili fupi. Safi, kwa pumzi yake mwenyewe, na ile ya pili ikapanda kidogo mwishoni. Mjomba akanyanyua kamba yake ya chuma, akaingia. Marehemu alipaza sauti, sauti yote ya ukoo huu, lakini injini zilikuwa zinanguruma. Mjomba alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Nyapara aliwakusanya watu. Wote walisikia mbili fupi, na hawakusema uongo.

"Ulipiga wewe?"

"Sikupiga."

"Hapa filimbi ni moja. Kama si wewe, nani?"

"Ndege."

Nyapara akamwambia kwa upole aende nyumbani akalale. Mtu pekee aliyewahi kumwona ndege yule pamoja naye ndiye aliyekuwa amelala chini ya turubai. Hawakumfukuza kazi. Walimwondoa msituni, wakamweka bandani kunoa misumeno, katika vumbi la mbao, na huko alikaa mpaka kiwanda kilipofungwa.

Mama alingoja mpaka baada ya maziko. "Sema umekosea," akamwambia. "Mtu hukosea. Sema nikusamehe, tuishi. Ila usiniletee habari za ndege."

"Nikisema nimekosea nitakuwa nimekudanganya."

"Sauti za mlango na tupa ndege ataiga, sikatai. Lakini kaka yangu aliijua pumzi yako. Asingeingia kwa pumzi ya ndege."

Hawakulizungumza tena. Waliishi, wakatulea, na nyumba yetu haikukosa salamu asubuhi wala jioni. Lakini tangu siku hiyo Mama alimwita Baba Watoto. Jina la Filimbi lilibaki mtaani, limegeuzwa kuwa la dhihaka. Watoto walilitamka wakikimbia.

Kila Jumapili marehemu alirudi msituni kumtafuta yule ndege, ili Mama aje asikie kwa masikio yake. Kikosi kilikuwa kimepita. Alituambia kwamba kimya cha huko hakikuwa kimya cha kupumzika, kilikuwa kimya cha chumba ambacho watu wamenyamaza kwa sababu umeingia. Mwaka 1984 afisa misitu mmoja, mwanamke mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, alimkuta ameketi kwenye kisiki.

"Unangoja nini, kaka?"

"Ndege."

"Hapa? Atakula nini? Ndege anakalia wadudu, wadudu wanakalia majani yaliyooza, majani yanakalia kivuli. Nyinyi mmeondoka na kivuli."

"Si miti mingine ipo?"

"Ipo imesimama tu. Kokwa kubwa namna hii," akaokota moja, "mbebaji wake alikuwa hondohondo. Hii miti ikifa imekufa. Labda uzibebe wewe."

Alirudi nyumbani mifuko imemjaa. "Nimepandishwa cheo," akatutangazia mlangoni. "Nimekuwa hondohondo."

"Basi hondohondo avue viatu," Mama akasema bila kugeuka. "Nimepiga deki."

Kiwanda kilifungwa mwaka 1992, kwa kuwa hakikuwa tena na cha kukata. Mvua iliyofuata iliteremsha udongo wa mlima mpaka mtoni, na visima vya mtaa wetu vikatoa maji mekundu kwa muda mrefu. Marehemu aliweka jiwe lake la kunolea mbele ya nyumba, akanoa visu, majembe na mikasi ya mafundi cherehani, kama baba yake. Wengi wenu mna kisu nyumbani ambacho mkono wake ulikipitia. Jioni alikuwa nyuma ya nyumba, akipanda kokwa zake. Miti ya aina ile haina haraka. Kwanza kilikuja kivuli kidogo, kisha majani yaliyooza chini ya kivuli, kisha wadudu katika majani, kisha vyura. Muda wote huo hakumwita ndege yeyote. Alikuwa akimwandalia meza tu.

Kurumbiza alikuja mwaka 2007. Siku hiyo marehemu alifungua sanduku, akatoa filimbi ambayo hakuwa ameigusa tangu 1981, na kuanzia hapo kila alfajiri alisimama ukingoni mwa kichaka akapiga mbili fupi, akanyamaza, akasubiri. Mama alikuwa akifunga dirisha. Ndege alisikiliza kila siku. Aliiga bawaba ya geti. Aliiga simu ya jirani, mpaka jirani akabadilisha mlio. Aliiga jiwe la kunolea. Filimbi hakuiiga hata mara moja, si mwaka ule, si miaka iliyofuata. "Shahidi wangu kagoma," marehemu alisema, na akaendelea kwenda.

Kikohozi kilimwanza mwaka 2014. Daktari wa hospitali kubwa alituonyesha picha ya mapafu yake na kusema ni vumbi la mbao, la siku nyingi, limejenga humo. Tulihamishia kitanda chake chumba cha nyuma, chenye dirisha la kichakani. Kilikuwa kikohozi cha namna yake: viwili vifupi, kisha pumzi moja ndefu iliyovutwa kama mtu anayesukuma mlango mzito. Kila kiliposikika, Mama alimimina maji ya uvuguvugu katika kikombe cha bluu na kwenda nayo, awe anafanya nini. Filimbi ilirudi sandukuni, kwa kuwa pumzi ya kuipiga haikuwapo. Miezi ya mwisho kurumbiza aliacha kuimba. Alikuwa akija kwenye tawi lililo mbele ya dirisha, anakaa, anatazama ndani. "Ona, hata hafungui mdomo siku hizi," marehemu alimwambia binti yake mkubwa. "Naye kachoka kesi."

"Anakusikiliza, Baba."

"Anasikiliza nini? Mimi sisemi kitu. Nakohoa tu."

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2019, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini, Mama akiwa ameshika kikombe. Neno lake la mwisho lilikuwa tusifunge dirisha.

Kilichotokea siku iliyofuata wengine wenu mlikiona, wengine mmekisikia kimeongezwa chumvi, na familia imeona vyema kisomwe hapa kama kilivyokuwa. Jumatano asubuhi waombolezaji walikuwa wameketi uani. Kutoka nyuma ya nyumba kikasikika kikohozi. Viwili vifupi, kisha pumzi ndefu. Vikombe vilisimama midomoni. Baba Mdogo, ambaye alikuwa amemwosha kaka yake kwa mikono yake mwenyewe, aliinuka, akazunguka nyumba, akarudi amepauka, akasema tu, "Hakuna mtu." Kikaja tena. Baadhi yenu mliondoka bila kuaga, na hatuwalaumu.

Jikoni, Mama alikuwa amekwisha kuinuka. Alimimina maji ya uvuguvugu katika kikombe cha bluu, akapita ukumbini, akasukuma mlango wa chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa mbao tupu, godoro limesimamishwa ukutani. Alisimama hapo na kikombe chake. Nje ya dirisha kikohozi kikasikika mara ya tatu.

Uani, mjomba wetu mdogo alikuwa ametoka na panga. "Kichaka hiki kina mtu," alikuwa akisema. "Mtu huyu hakutuachia kaka yetu, na sasa hataki hata kuondoka. Nakifyeka chote, leo." Alikuwa amekwisha kukata tawi la kwanza Mama alipotokea.

"Weka panga chini."

"Dada, hujasikia?"

"Nimesikia. Si unaona nimebeba na maji?" Akamwonyesha kikombe.

Hapo ndege akashuka kwenye tawi la chini, karibu na lile lililokatwa. Kila aliyekuwapo aliona kifua cha chungwa kikijaa, koo likicheza, na mdomo ule mdogo ukitoa pumzi ya marehemu, ndefu, mpaka mwisho wake. Si mfanano wake. Ilikuwa yenyewe, na ule mkwaruzo wa katikati. Kisha akaimba bawaba ya geti, akaruka.

Mama alikaa chini, kwenye majani. "Miaka arobaini na miwili," akasema. "Nakijua kikohozi chake kuliko ninavyojua jina langu. Nimemvika sanda jana. Na nimeinuka." Akamtazama mdogo wake. "Hata mimi nimeinuka. Sasa kaka yetu angefanyaje asiingie?"

Mama akamnyooshea mjomba kikombe, naye akanywa maji yote, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Kisha Mama akageukia dirisha lililokuwa wazi akasema, "Filimbi." Sisi watoto wake hatukumbuki kuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake.

Kwa hiyo familia, upande wa baba na upande wa mama kwa pamoja, inatamka mbele yenu: marehemu hakuipiga filimbi ile. Alisema kweli tangu siku ya kwanza. Tunawaomba pia mtakaopita nyuma ya nyumba msirushe mawe wala msivunje matawi. Mzee atalala ukingoni mwa kichaka hicho. Kurumbiza huimba walio karibu naye. Zamani, chini ya dirisha la darasa, aliimba msitu mzima. Leo ana geti, simu, jiwe la kunolea na mgonjwa mmoja. Ndivyo tulivyomwachia. Lakini ile miti imeanza kuzaa, na mwezi uliopita, kabla ya kuzidiwa, marehemu alituonyesha chini yake mche ambao hakuupanda yeye. Alitaka tujue nani kaubeba. Hatujui.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, mabinti wawili na wana wawili, wakwe, wajukuu kumi, wote wenye sauti kubwa, kaka mmoja, ambaye ni Baba Mdogo, dada wawili, na shemeji yake, mjomba wetu, ambaye leo atakuwa wa kwanza kushika kamba za kumteremsha.

Jeneza likishafika chini, kabla ya udongo, Mama atapiga filimbi ile ya chuma. Ameomba iwe hivyo, na tumekubaliana. Atapiga mbili fupi, na ya pili ataipandisha kidogo. Mnajua sasa maana yake. Msishtuke, na tafadhali msigeuke nyuma haraka. Mkizisikia kwa mara ya pili, si yeye atakayekuwa amepiga.

Njia ni wazi, Bwana Filimbi. Pita salama, upumzike.